Unyevu Asilimia 23: Nifungue Maji au Nisifungue?

Mjomba wangu analima nyanya bondeni Mombo, wilayani Korogwe, mkoani Tanga, pale barabara ya kwenda Lushoto inapoanza kuipanda milima ya Usambara. Msimu mmoja kikundi chao kiliwekewa vifaa vya kupima unyevu wa udongo: kijisanduku cheupe juu ya mlingoti, kipande cha sola, antena fupi, na waya unaozama ardhini kati ya matuta. Tangu hapo kitochi chake kikawa kinapokea ujumbe kila asubuhi. Nilipokwenda kumtembelea, baada ya shikamoo na kabla chai haijamiminwa, alinipa simu nisome. "Unyevu asilimia 23." Akaniuliza, "Haya, nifungue maji au nisifungue?"

Sikuweza kumjibu. Kifaa kilikuwa kizima, mtandao ulikuwa umefanya kazi yake, ujumbe ulikuwa umefika, na bado mwenye shamba hakujua afanye nini. Tangu siku hiyo nimekuwa nikivifuatilia vifaa hivi, Mombo, Lushoto, Muheza hadi Pangani, na nimeona kwamba habari zake nyingi tunasimuliwa kuanzia mkiani. Tunaambiwa kifaa kinapima nini na kinatuma wapi. Hatuambiwi nani ataupokea ujumbe, na ana uwezo gani wa kubadilisha jambo akishaupokea. Kwangu mimi hilo la pili ndilo linaloamua kama fedha zimetumika vizuri au zimezikwa.

Safari ya tarakimu

Teknolojia hii huitwa intaneti ya vitu. Jina hilo lilianza mwaka 1999 kwa Mwingereza Kevin Ashton, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Procter & Gamble na kusumbuliwa na rangi ya mdomo iliyokuwa ikiisha kwenye rafu za maduka bila wenye mzigo kujua. Alitaka bidhaa zenyewe zitoe taarifa, badala ya kumsubiri mtu azihesabu na kuandika. Shambani wazo ni lile lile: badala ya mkulima kuchokoa udongo kwa kidole kila kona, udongo useme wenyewe.

Ili useme, inahitajika safu ya vitu. Kuna kihisi kinachozama ardhini. Kuna kompyuta ndogo, si kubwa kuliko kiberiti, inayokiamsha kihisi, kukisoma na kukirudisha usingizini. Kuna redio ya kurusha tarakimu hiyo, kipokezi cha kuidaka na kuiingiza kwenye intaneti, seva ya kuihifadhi, na mwisho simu ya mkulima. Kimoja kikikatika, hakuna kinachofika. Vyote vikiwa vizima, kama kwa mjomba, tarakimu inafika, lakini maana yake inaweza kuwa imebaki njiani.

Nianze na maana, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoachwa gizani.

Kihisi hakiyaoni maji. Kinapima tabia ya umeme ya udongo, kisha kinakisia. Vile vya bei ya chini kabisa vina meno mawili ya chuma yaliyo wazi: umeme kidogo hupitishwa kutoka jino moja hadi jingine, na udongo ukiwa na maji mengi umeme hupita kwa urahisi zaidi. Ubaya wake ni kwamba umeme huo huo unayala meno, na baada ya muda mfupi kifaa huanza kusema uongo kidogo kidogo bila mtu kugundua. Ubaya wa pili ni chumvi. Mbolea kama CAN ikiyeyuka, maji ya udongoni hupitisha umeme vizuri zaidi. Unaweza kuweka mbolea leo, kesho kifaa kikadhani umemwagilia.

Aina ya pili ni bora. Hii ni bamba lililofunikwa, chuma chake hakigusi udongo, na inachopima ni uwezo wa udongo kuhifadhi chaji ya umeme. Kwa kipimo hicho hewa ni 1, udongo mkavu ni kama 3 hadi 5, na maji ni karibu 80. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba maji kidogo tu yakiongezeka, bamba linahisi. Vya bei nafuu vya aina hii vinauzwa kwa thamani ya sahani chache za chipsi mayai; vilivyopimwa na kuhakikiwa kiwandani hufika mamia ya dola.

Lakini hata bamba hili halitoi asilimia. Linatoa volti. Asilimia inatokana na hesabu iliyoandikwa ndani ya kompyuta, na hesabu hiyo ilitengenezwa kwa udongo fulani, mahali fulani, ambao mara nyingi si udongo wa Mombo.

Tuseme hesabu iko sawa. Bado kuna jambo ambalo laiti mjomba angeelezwa siku ya kwanza. Chukua ndoo mbili zenye matundu chini, moja ya mchanga wa karibu na pwani, nyingine ya mfinyanzi wa bondeni. Zimwagie maji hadi zilowe kabisa, uziache siku mbili zichuruzike. Mchanga utabaki na maji kama asilimia 10 hadi 15 ya ujazo wake. Mfinyanzi utabaki na asilimia 35 hadi 40, hata zaidi. Sasa panda mche kwenye kila ndoo na usimwagilie tena. Mche wa mchangani utanyonya maji karibu yote, utanyauka yakishuka hadi asilimia 5 hivi. Mche wa kwenye mfinyanzi utanyauka maji yakiwa bado asilimia 20 au zaidi, kwa sababu chembe za mfinyanzi ni ndogo mno na zinayang'ang'ania maji kuliko nguvu ya mizizi. Maji yamo, lakini mmea hauyapati.

Basi asilimia 23 kwenye mchanga ni shamba lililozidiwa na maji. Asilimia 23 kwenye mfinyanzi wa Mombo ni nyanya zinazokaribia kunyauka. Ujumbe wa asubuhi ulikuwa kilio, nasi tuliusoma kama salamu. Mjomba alikuwa ameona majani yakilegea mchana, akadhani ni jua tu.

Tiba ya tatizo hili haihitaji maabara, na natamani kila anayegawa vifaa hivi aanze nayo. Mwagilia sehemu ilipo kihisi hadi ilowe vizuri, acha siku mbili, kisha soma tarakimu: huo ndio mstari wa juu. Halafu acha kipande kidogo cha tuta bila maji, hata miche yake michache iende, mpaka asubuhi moja uikute imelegea kabla jua halijapanda: tarakimu ya asubuhi hiyo ndiyo mstari wa chini. Kwa mjomba tulipata 39 na 22. Kwa nyanya, ukiacha maji yashuke kupita katikati ya mistari hiyo bila kumwagilia, unaanza kupoteza mavuno. Kwa hiyo tuliweka mstari wa kufungua maji kwenye 30. Kwa njia hii haijalishi kama asilimia ni ya kweli kisayansi. Inatosha kifaa kirudi kwenye tarakimu ile ile kila udongo unaporudi kwenye hali ile ile.

Kina cha kukizamishia kihisi nacho kina neno lake. Kihisi kilichowekwa juu juu hukauka kila siku na kumtia mkulima hofu. Kilichowekwa mbali chini hulala kwenye unyevu huku mizizi ikiteseka. Kwa nyanya, kimoja kwenye sentimita 15 hadi 20 na kingine kwenye 40 hivi huonyesha picha nzuri. Kisiwekwe kwenye njia ya miguu, wala jirani kabisa na tundu la mrija wa matone ambako pamelowa daima.

Kuita ng'ambo ya bonde

Watu wengi hudhani kikwazo kikubwa ni bando. Hebu tupige hesabu. Ujumbe mmoja wa kihisi una kama baiti 20. Ukitumwa kila saa, usiku na mchana, mwaka mzima, ni kilobaiti 175 hivi, ukiacha maelezo ya ziada yanayosafiri nao. Hiyo ni kama picha moja ya WhatsApp. Gharama ya data si tatizo. Tatizo ni umeme na milima.

Kihisi kinaweza kuwekewa laini ya simu na kutumia mnara wa karibu. Ni njia rahisi, na kwa sehemu tambarare kama Handeni au Muheza mjini inafaa. Ila kifaa kidogo cha 2G kinaporusha ujumbe huvuta umeme kwa kishindo, hadi ampea 2 kwa kitambo kidogo. Betri iliyochoka haiwezi kutoa kishindo hicho: kifaa kinazima, kinawaka, kinajaribu tena, kinazima. Mara nyingi watu husema mtandao hausomi, kumbe ni betri. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, wingu likikaa Usambara wiki nzima na sola ndogo isipate jua, hali hii inakuwa ya kila siku.

Njia nyingine ni redio inayoitwa LoRa. Ilibuniwa na kampuni changa ya Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, ambayo ilinunuliwa na kampuni ya Semtech ya Marekani mwaka 2012. Aliyekulia milimani ataielewa upesi. Ukitaka kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde, huongei harakaharaka kama uko sebuleni. Unalivuta neno, sauti inapanda taratibu, silabi moja kwa pumzi nzima, na yule wa ng'ambo analidaka hata upepo ukivuma. LoRa inafanya hivyo hivyo. Kila kipande cha habari hunyooshwa kuwa mlio unaopanda masafa polepole, na kipokezi kinautambua mlio huo hata ukiwa dhaifu kuliko kelele za redio zinazouzunguka. Malipo yake ni mwendo. Ikivutwa kabisa, LoRa hupitisha biti 300 hivi tu kwa sekunde. Huwezi kutuma picha wala sauti. Lakini kwa baiti 20 inatosha sana, na kwa kuwa kifaa kinalala karibu muda wote, betri ndogo inaweza kukaa miaka.

Kuhusu umbali, vipeperushi husema kilomita 10, 15, hata zaidi. Ni kweli pale kipokezi na kihisi vinapoonana bila kizuizi. Redio ya namna hii huweza kupenya majani ya migomba na ukuta wa tofali, lakini haipenyi mlima. Lushoto mashamba ya mboga yako mabondeni, kabichi, karoti, hoho na viazi kando ya vijito, kila bonde na ukuta wake. Kipokezi kilichowekwa bonde moja hakisikii kitu kutoka bonde la pili hata kama ni kilomita moja kwa mstari ulionyooka. Suluhisho ni kukipandisha kipokezi mgongoni mwa mlima, kwenye paa la shule, msikiti au kanisa lenye umeme, mahali panapotazama mabonde mawili matatu kwa mpigo. Hapo kazi inageuka kuwa ya mahusiano: nani atalipa umeme wa kipokezi, nani ana ufunguo wa darini, nani ataambiwa kikizimwa. Masafa ya redio nayo yana mwenyewe; ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, inayosimamia vifaa vipi viruhusiwe kwenye masafa gani, na ni vizuri kuuliza kabla ya kuagiza mzigo nje.

Rangi tatu za Iringa

Kuna jaribio la nchini mwetu ambalo napenda kulitaja kila ninapopata nafasi. Mtafiti Richard Stirzaker wa taasisi ya CSIRO ya Australia alitengeneza kihisi kinachoitwa Chameleon, yaani Kinyonga. Hakionyeshi asilimia. Kinaonyesha rangi: buluu udongo umelowa, kijani uko sawa, nyekundu umekauka. Tena hakipimi kiasi cha maji. Kinapima jinsi udongo unavyoyang'ang'ania, yaani kazi ambayo mzizi unapaswa kuifanya. Kwa hiyo nyekundu ya mchangani na nyekundu ya mfinyanzi zina maana moja. Lile suala la ndoo mbili linaisha hapo hapo.

Kuanzia mwaka 2013 Kinyonga kilipelekwa kwa wakulima wadogo wa skimu za Kiwere na Magozi mkoani Iringa, pamoja na skimu za Msumbiji na Zimbabwe. Wakulima waliona buluu, buluu, buluu, wiki baada ya wiki. Walikuwa wanamwagilia kupita kiasi. Wakaelewa pia kwamba maji ya ziada yalikuwa yanaisomba nitrojeni ya mbolea na kuishusha chini ya mizizi, mbolea waliyoinunua kwa fedha zao. Wakapunguza kumwagilia. Wakapata muda wa kufanya shughuli nyingine, na ugomvi wa maji ukapungua.

Kinachonigusa katika habari hii ni kwamba vihisi vya mwanzo havikuwa na intaneti hata kidogo. Mtu alitembea shambani na kisomeo mkononi, akachomeka, akatazama rangi, akazungumza na mwenzake. Intaneti ni nzuri, inampunguzia mtu miguu na kuhifadhi kumbukumbu. Lakini mabadiliko yalitokana na watu kuielewa rangi na kuwa na uwezo wa kufunga maji.

Hapo ndipo narudi kwa mjomba na shida yake ya pili. Hata baada ya kujua kwamba 30 ndiyo mstari, maji ya mfereji hayaji kwa sababu kihisi kimeomba. Yanakuja kwa zamu. Zamu yake ni Ijumaa. Kihisi kikilia Jumanne, atasubiri. Kikiwa kimeshiba Ijumaa, atafungulia tu, kwa sababu asipofungulia leo hajui kama wiki ijayo maji yatakuwepo. Kifaa kinampa habari, ila mkono wake umefungwa na ratiba. Mkataba wa zamu ni sehemu ya teknolojia hii sawasawa na antena. Skimu inayotaka vihisi ianze kwenye mkutano wake, au siku ya msaragambo wa kusafisha mfereji, iulizane: mtu akionyesha kwamba shamba lake halina kiu, ataruhusiwa kuiachia zamu yake na kurudishiwa siku nyingine?

Kiwekwe penye mkono

Ukiutumia mtihani huo, wa nani ana uwezo wa kutenda, utaona kwamba mahali pengi tunapopeleka vihisi si pake, na mahali panapovihitaji tumepasahau.

Mahindi ya Handeni na Kilindi yanategemea mvua. Kihisi cha unyevu kitamwambia mkulima kwamba shamba limekauka, jambo ambalo anaweza kuliona kwa macho, na hana mfereji wala pampu. Kinabaki kuwa shahidi wa ukame. Kwa mkulima huyo ningeweka nguvu kwenye kipima mvua cha kijiji na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unaofika kwa wakati kwenye kitochi, ili aamue lini apande. Na baada ya mavuno ningemkumbusha kihisi kisichohitaji betri: chupa kavu ya kioo, chumvi kavu kidogo, na mahindi. Tikisa, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, hayafai kuingia ghalani. Yakihifadhiwa hivyo ukungu utaota, na pamoja nao sumukuvu.

Pangani ni habari tofauti, na kwa maoni yangu ndipo kihisi kinapoweza kuokoa mengi kwa gharama ndogo. Mto Pangani unaanzia kwenye maji ya Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu, Korogwe na mitambo ya umeme ya Hale, ndipo unaingia baharini. Njiani watu wengi wanauhitaji. Maji matamu yanayofika mdomoni yakipungua, bahari inaingia mtoni. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa kwa zaidi ya mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa, chumvi inapanda juu zaidi. Wakati wa maji mafu inarudi. Minazi na mpunga wa kingo za chini umeumia kwa sababu hiyo kwa miaka mingi.

Wakulima wa huko huonja maji kwa ulimi kabla ya kuwasha pampu, na wavuvi wanaujua mwezi na bamvua yake bila kuambiwa na mtu. Maarifa hayo ni ya kweli, nami sipendekezi yaachwe. Lakini ulimi una mwisho wake. Chumvi ya maji hupimwa kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwa kipimo kinachoandikwa dS/m, yaani desisimensi kwa mita. Bahari ni kama 50. Mpunga huanza kupoteza mavuno maji ya kumwagilia yakipita 2 hivi, nyanya 1.7, maharage 0.7. Kwenye 0.7 ulimi wa wengi bado haujaonja kitu. Mwenye maharage anamwagilia maji anayoyaona matamu, na majani yanaungua pembeni bila yeye kujua yamekosa nini.

Kihisi kimoja tu cha chumvi, kwenye sehemu pampu za kijiji zinapovuta maji, kinaweza kuwatumia wote ujumbe: leo usiwashe, subiri maji yapwe. Hakihitaji kuwekwa kila shamba. Uamuzi ni wa ndiyo au hapana, tena mkono wa kuutekeleza upo, ni swichi ya pampu. Kihisi hicho kinahitaji kuoshwa mara kwa mara, maana ndani ya mto huota ukoga haraka, kwa hiyo mtu mmoja alipwe kidogo kwa kazi hiyo na ajulikane.

Maziwa nayo. Tanga ni mkoa wa ng'ombe wa maziwa, na wafugaji wa ng'ombe wawili watatu hupeleka lita zao kwenye kituo cha kukusanyia. Tangi la kupoozea linapaswa kuyashusha maziwa hadi nyuzi 4. Umeme ukikatika kwa muda mrefu na jenereta isiwake, maziwa ya kaya nyingi yanaweza kuchacha. Kipimajoto chenye laini ya simu ndani ya tangi, kinachompigia mlinzi na meneja joto likipita nyuzi kadhaa, ni kifaa kidogo kuliko vyote nilivyovitaja. Hakiko shambani kwa mtu yeyote, na kinawalinda wafugaji wote wa kituo.

Na kuna kihisi ambacho wengi wetu tunacho mfukoni: kamera ya simu. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo, ule unaoozesha kiazi chini huku shina likiwa limesimama, ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza hapa hapa mkoani kwetu, Amani, na H. H. Storey mwaka 1936. Miaka mingi baadaye picha za majani ya muhogo zilizopigwa kwenye mashamba ya majaribio ya IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, nje ya Bagamoyo zilitumika kuifundisha kompyuta kuyatambua magonjwa, na utafiti huo ukatoka mwaka 2017. Siku hizi kuna programu iitwayo Nuru inayomuongoza mkulima kukagua majani yake, na inafanya kazi hata pasipo mtandao. Mkono wa kutenda upo: kung'oa mche mgonjwa, na kutochukua vipando kutoka shamba hilo.

Vinakufaje

Vifaa hivi havifi kwa sababu zilizoandikwa kwenye maelekezo. Sisimizi hujenga ndani ya sanduku kwa ajili ya joto. Buibui na nyigu huziba mdomo wa kipima mvua. Jembe la palizi hukata waya, mbuzi hutafuna uliobaki. Upepo wa bahari wa Tanga una chumvi, na viungo visivyozibwa kwa silikoni hushika kutu mapema. Sola na betri huibwa, kwa sababu nyumbani vinawasha taa, na simlaumu sana mtu mwenye nyumba ya giza. Kikundi cha mjomba kilipoteza sola mbili hadi walipokubaliana kwamba kila mlingoti una mwenyewe kwa jina, si "wa mradi".

Lakini kifo kilichoniuma zaidi hakikuanzia shambani. Waliowawekea vifaa walimaliza mradi wao, seva ikazimwa, ujumbe ukakoma. Vihisi vilikuwa vizima ardhini, vinaamka kila saa, vinapima, vinarusha, na hakuna wa kupokea. Kumbukumbu za misimu miwili zilipotea zote. Sisi tuna msemo wetu, Tanga waja leo waondoka leo. Natamani sana usiwe sifa ya miradi yetu ya kilimo. Kabla kikundi hakijapokea kifaa, kiulize: ada ya seva ni kiasi gani kwa mwaka na nani atalipa mwaka wa tatu? Kifaa kinaweza kusomwa papo hapo shambani bila seva? Kuna fundi Korogwe au Tanga mjini anayeweza kubadilisha betri yake?

Kiulize pia tarakimu ni za nani. Anayejua unyevu wa mashamba 50 ya nyanya anaweza kukisia mavuno kabla wenye nyanya hawajakisia, na dalali mwenye habari hiyo ananunua kwa bei anayotaka. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022, na taarifa zinazomhusu mkulima kwa jina lake, namba yake ya simu na shamba lake haziwezi kukusanywa na kugawiwa holela. Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe mkutanoni kwa sauti.

Kwa mjomba tulilikarabati sanduku moja. Mtoto wa jirani anayesoma chuo cha ufundi alibadilisha programu ili tarakimu ionekane kwenye kioo kidogo pale pale mlingotini. Ubavuni mwa sanduku mjomba amepaka mistari miwili kwa rangi ya mlango iliyobaki, buluu kwenye 39, nyekundu kwenye 22, na kati yake ameandika 30 kwa mkono. Skimu nayo imekubali, kwa msimu wa majaribio, watu wabadilishane zamu mbele ya mwenyekiti.

Ijumaa iliyopita alinipigia asubuhi na mapema. "Mpwa wangu, leo iko 36," akasema. "Zamu yangu nimemwachia mama wa mpunga kule chini. Atanirudishia Jumatano."